Unamalizia PhD ukiwa Tanga? Hesabu kurudi nyuma, anza na mambo yasiyokusubiri

#1 MkongeNaKalamu (mleta uzi)

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Uzi huu ni wa sisi tulio mwaka wa mwisho wa PhD, hasa tunaoandikia nyumbani, mbali na chuo. Mimi nipo Tanga mjini, chuo kipo Dar, na tasnifu yangu inahusu manamba, wale vibarua walioletwa kwenye mashamba ya mkonge kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na kwingineko enzi za Mwingereza. Wa fani nyingine msikimbie, maana ninayotaka kuyasema hayahusu historia peke yake.

Kila nikipita Ngamiani naulizwa, "Utamaliza lini?" Wengi wetu tukiulizwa hivyo tunahesabu sura: imebaki ya tano, imebaki hitimisho, imebaki kusahihisha, basi labda mwakani. Hesabu hiyo haina mwisho, kwa sababu hakuna sura inayokubali yenyewe kwamba imekwisha. Kila ukiifungua unaona pa kuongeza.

Ushauri wangu ni kuhesabu kurudi nyuma. Chukua karatasi, andika kwanza mambo ambayo hayatakusubiri, kila moja na tarehe yake. Halafu rudi nyuma mwezi kwa mwezi mpaka leo, uone sura zako zimebakiwa na nafasi gani. Kitabu, yaani tasnifu yenyewe, ndicho kijibane kiingie kwenye nafasi hiyo.

Mambo gani hayasubiri? La kwanza ni ruhusa ya masomo. Aliyeajiriwa ana barua yenye tarehe ya kurudi kazini, na wengi wana mkataba wa kumtumikia mwajiri baada ya masomo. Tarehe hiyo ikifika kitabu hakijaisha, utaandika usiku baada ya kazi, na kila mtu mwenye familia anajua usiku huo unavyokuwa.

La pili ni umri. Matangazo ya kazi yanayopitia Sekretarieti ya Ajira huweka kikomo cha miaka 45 kwa mwombaji ambaye hayumo kwenye utumishi wa umma. Aliyemo ndani haimgusi. Lakini aliyejisomesha mwenyewe, akaanza PhD na miaka 38 akiwa na matumaini ya kufundisha chuo cha serikali, kwake huo ni mlango wenye saa ya kufungwa. Nimekutana na watu waliokuja kulijua jambo hili wakiwa na 44.

La tatu ni wazazi na watoto. Sina haja ya kulieleza sana, kila mmoja anajua mama yake ana miaka mingapi na mtoto wake anaingia kidato cha ngapi.

La nne ni la fani yangu, ila nadhani kila fani ina lake. Ile ofisi ya kuajiri vibarua wa mkonge, SILABU, ilianzishwa mwaka 1944. Kijana aliyesajiliwa mwaka 1955 akiwa na miaka 20, leo kama yupo hai ameshatimiza miaka 90. Wazee hao wapo Korogwe, wapo Muheza, na wanapungua. Nilipohesabu kurudi nyuma niliona wazi kwamba mahojiano yaliyobaki lazima yatangulie, na sura ya nadharia ingoje. Nadharia itanikuta. Mzee wa Magoma hatanikuta. Mwenye kupima mikoko ana bamvua zake, mwenye kupima mahindi ana vuli na masika. Tafuta la kwako, uliweke juu ya karatasi kabla ya sura yoyote.

#2 MkongeNaKalamu

Naendelea. Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, maana naona hakuna anayepapanga: miezi ya baada ya kukabidhi.

Watu wanadhani siku ya kukabidhi kitabu ndiyo siku ya kumaliza. Fuateni mtiririko wake. Unatoa taarifa ya nia ya kukabidhi. Unakabidhi. Nakala zinakwenda kwa watahini, wa ndani na wa nje, na mtahini wa nje ni mtu mwenye wanafunzi wake, safari zake na maradhi yake. Ripoti zikirudi ndipo unapangiwa viva, yaani kuitetea tasnifu mbele ya jopo. Ukitetea vizuri bado utapewa masahihisho, machache au mengi, na lazima mtu athibitishe kwamba umeyafanya. Kisha vikao vya idara, kitivo, seneti. Kisha mahafali, ambayo yana msimu wake. Ukikosa msimu mmoja unangoja mwingine.

Sasa tia na hili: matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba hati za matokeo ya muda hazikubaliwi, wanataka cheti. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa ametetea, amepongezwa, watu mtaani wanamwita daktari, na bado hawezi kuomba kazi inayotaka PhD. Ukiwa na mshahara, ni kipindi cha kuvuta subira. Ukiwa ulikuwa unaishi kwa ufadhili, posho imekatika na kodi ya nyumba ipo palepale.

Ndiyo maana kwenye karatasi yangu kipindi hicho nimekipa mwaka mzima. Kikiwa kifupi, Alhamdulillahi. Na nimekipangia kazi: kugeuza sura mbili kuwa makala za majarida, kutafuta vipindi vya kufundisha kwa muda, na kuandaa muhtasari wa utafiti kwa Kiswahili niurudishe mashambani kwa wale walionipa muda wao.

Makala nazo zianze mapema. Vyuo vingi sasa vinataka uwe umechapisha au umekubaliwa kuchapishwa kabla ya kutunukiwa, kwa hiyo soma kanuni za chuo chako zenyewe, usitegemee ya kuambiwa kwenye korido. Jarida linaweza kukaa na makala yako mwaka. Hilo nalo ni jambo lisilokusubiri, maana anayeamua tarehe si wewe. Na jihadharini na majarida yanayokuahidi kuchapisha ndani ya wiki ukilipa. Angalieni kama jarida limo kwenye DOAJ au AJOL, zile orodha za majarida mtandaoni, kisha muulizeni msimamizi kabla ya kutuma hata shilingi.

Karibuni.

#3 BarabaraYaKumi

Dada umenigusa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, PhD naichukua ya fasihi, ruhusa yangu inaisha Juni. Nikimaliza nitapandishwa cheo au inakuwaje?

#4 MkongeNaKalamu

Mwalimu wangu, usiingie ukiamini kwamba PhD itabadilisha cheo yenyewe. Nenda kwa afisa utumishi wa halmashauri yako, omba kuuona muundo wa utumishi wa kada yako kwa macho yako, uone elimu gani inatambuliwa kwenye ngazi gani. Ikiwa nia yako ni kuhamia chuo, basi angalia na vigezo vya wahadhiri. Hawatazami PhD peke yake, wanarudi mpaka kwenye GPA ya uzamili na ya shahada ya kwanza. Ni bora kuyajua hayo leo kuliko Juni.

#5 MzeeRaskazone

Binti yangu, salaam. Nimefundisha vyuoni miaka mingi kabla ya kustaafu na nimesimamia wengi. Nina la kukupinga na la kukuongezea.

La kukupinga: mwanafunzi anayefikiria kazi kabla hajamaliza, mara nyingi kitabu chake kinalala. Nimewaona wenye akili kuliko maprofesa wao. Wakaitwa kwenye mradi huu, ushauri elekezi ule, semina ya kule, na kila kimoja kilikuwa na bahasha. Miaka ikaenda. Kitabu kinahitaji mtu mwenye moyo mmoja. Ukigawanya moyo kitabu ndicho cha kwanza kuumia, kwa sababu hakina mtu wa kukudai kila siku.

La kukuongezea ni kwa wale wanaotaka chuo. Hesabuni na mwisho wake. Mtumishi wa kawaida anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki na profesa wanakwenda mpaka 65. Anayeingia na miaka 44 akiwa mhadhiri ana miaka 16 mbele yake. Akipanda kuwa mwandamizi kabla ya 60 ana 21. Tofauti hiyo inatokana na machapisho, na machapisho yanatokana na tasnifu unayoiandika sasa. Kwa hiyo kila sura iandikwe ikijua itakuwa makala gani.

#6 MkongeNaKalamu

Shikamoo Mzee. Nashukuru, na hiyo ya 60 na 65 naiingiza kwenye karatasi leo hii.

Kuhusu moyo mmoja nakubaliana nawe nusu. Bahasha zinaua vitabu, ni kweli, na nimewaona pia. Ila naomba tutenganishe kufanya kazi nyingine na kuipangia nafasi. Mtu asiyejua ataishije Januari ndiye atakayeikimbilia bahasha ya Novemba bila kuuliza. Aliyeipanga Januari yake ana ujasiri wa kusema hapana. Kwangu mimi kupanga ndiko kunakoulinda huo moyo mmoja.

#7 MzeeRaskazone

Marahaba. Hapo umesema vyema, nimekuelewa. Lakini hizo hapana zitamkwe kweli.

#8 MamaWatatu_Chumbageni

Mimi siandiki PhD. Anayeandika ni mume wangu, na nimeusoma uzi wote mara mbili.

Nawaomba mnaoandika mtusikilize na sisi tunaoishi nanyi. Mwenye kuandika anajua kwa nini leo amekasirika: msimamizi amerudisha sura. Sisi hatujui. Tunaona mtu kaingia ndani, kafunga mlango, watoto wakicheka anagomba. Miezi inapita tunaambiwa "karibu namaliza". Hiyo "karibu" ndiyo inayotuchosha kuliko kazi yenyewe. Ningeambiwa miaka miwili ningeipanga miaka miwili. Ningejua mwaka huu hatujengi, mwaka huu mchezo wa upatu nausimamia mimi, harusi ya upande wangu nakwenda peke yangu, na moyo wangu ungetulia.

Huo mwaka wa baada ya kukabidhi aliousema dada, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba upo! Mimi nilishawaambia ndugu zake kwamba mwezi wa kumi na mbili mambo yanakuwa mazuri. Tafadhalini, hiyo karatasi ya kuhesabu kurudi nyuma isikae kwenye meza ya kusomea. Ibandikeni jikoni.

#9 MkongeNaKalamu

Dada yangu, Mungu akubariki. Nimeisoma nikanyamaza kwa muda. Naomba wote mnaoandika muisome #8 kabla ya kusoma tena maneno yangu. Mimi nilikuwa nimeandika "wazazi na watoto" nikapita, kumbe mwenza ndiye anayebeba mzigo wa tarehe zisizotajwa.

Naongeza kitu kimoja cha kufanya wiki hii. Kaeni naye jioni moja bila kompyuta. Mwambie hatua zote, kukabidhi, watahini, viva, masahihisho, mahafali, na umwambie zipi zipo mikononi mwako na zipi hazipo. Halafu naye ataje tarehe zake. Ana zake, amini.

#10 BagamoyoKwetu

Salaam kutoka Bagamoyo. Nipo upande wa afya, na huku utafiti ni jambo la kila siku. Watu wengi wanajua majaribio ya chanjo ya malaria ya R21 yalifanyika pia hapa kwetu. Kwa sisi wa miradi tatizo ni tofauti kidogo: mkataba unaisha mradi unapoisha, PhD iwe imekwisha au haijaisha. Fedha za wafadhili hazina habari kwamba sura ya nne imegoma.

Kwa hiyo naunga mkono kurudi nyuma, ila nina nyongeza kwa wanaotafuta nafasi za utafiti baada ya PhD, zile tunazoziita postidoki. Nyingi kati yake huhesabu miaka tangu ulipotunukiwa shahada. Maana yake siku ya mahafali saa nyingine inaanza kukimbia. Ukitunukiwa ukiwa huna andiko la mradi wa utafiti, huna makala na hujazungumza na kundi lolote la utafiti, mwaka wa kwanza unaupoteza kwa kuanza kusalimiana. Mimi nilianza kuwaandikia watu nilipokuwa na rasimu ya sura mbili za matokeo. Barua fupi, swali moja la kweli kuhusu kazi yao, na makala yangu moja. Baadhi hawakujibu. Waliojibu ndio ninaofanya nao kazi leo.

Jambo jingine: mwombe msimamizi barua ya utambulisho wakati bado anakukumbuka vizuri. Wasimamizi nao huhama na hustaafu.

#11 Muheza_Machungwa

Na sisi tunaojilipia ada wenyewe? Naona mnaongelea ruhusa na ufadhili tu.

#12 MkongeNaKalamu

Haki yako, ndugu yangu. Kwako jambo lisilosubiri ni ada ya kila mwaka. Ukivuka muda wa programu utaomba kuongezewa, na muda wa nyongeza nao unalipiwa. Kwa hiyo jua gharama ya mwezi mmoja wa kuchelewa ni shilingi ngapi, uiandike kwa tarakimu. Ukiijua hiyo namba, kazi yoyote ya pembeni unaipima kwayo: inanilipa zaidi ya inavyonichelewesha, au chini?

Ukiwa na mshahara wa serikali kumbuka na makato. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara kwa mwenye deni la shahada ya kwanza, na mtumishi anatakiwa abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara baada ya makato yote. Usikope benki kwa ajili ya mwaka wa mwisho kabla hujapiga hesabu hiyo. Wengine hapa mjini wamesaidiwa na upatu: walijipangia kupokea zamu yao mwezi ule wa kuchapa na kujalidi vitabu na kusafiri kwenda kwenye viva. Ni mpango mzuri, mradi kundi liwe la watu unaowajua.

#13 ForodhaniYaTanga

Swali langu ni moja tu. Ukimaliza, Tanga utafanya kazi gani? Kila mwenye PhD ninayemjua amehamia Dar au Dodoma. Waja leo waondoka leo.

#14 MkongeNaKalamu

Swali hili linanikaa moyoni, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Tanga ina kazi za utafiti kuliko tunavyoisifu. Kule Amani, bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1902, wakati wa Mjerumani, na mpaka leo msitu ule unaleta wanasayansi kutoka kila pembe ya dunia. NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, wana kituo cha Amani, kule Muheza, na kingine Tanga mjini. TARI Mlingano, wa taasisi ya utafiti wa kilimo, wanashughulikia mkonge na udongo. TALIRI wapo kwa upande wa mifugo. Baharini kuna Hifadhi ya Silikanti, yule samaki wa kale, iliyotangazwa mwaka 2009, na maswali ya mwani, pweza na matumbawe hayajajibiwa hata robo. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na mradi wa namna ile unahitaji watu wa mazingira, wa jamii, wa sheria za ardhi, wa historia ya makaburi na misikiti ya kale. Mzumbe wanajenga kampasi Mkinga kupitia HEET, mradi wa serikali wa elimu ya juu. Bodi ya Mkonge makao yake makuu yapo hapahapa mjini. Mkonge wenyewe uliingia nchini mwaka 1893 na bado hatuna makumbusho ya kutosha ya waliokuwa wakiukata.

Sisemi nafasi zimejaa, wala sisemi kila mtu abaki. Mwenye kwenda Dar aende kwa heri, mwenye kupata Ulaya aende akajifunze. Ninachoomba ni kwamba tusiondoke kwa sababu tu hatukuuliza. Ukiwa bado unaandika, nenda katoe mada kwenye ofisi hizi. Wape nakala ya makala yako. Mtu wa Mlingano akijua kwamba yupo mtu wa Tanga anayeandika kuhusu vibarua wa mkonge, siku akihitaji mtu atakukumbuka. Asipokujua, mshauri ataletwa kutoka mbali kuja kuuliza mambo ambayo majibu yake yapo kwenye sura yako ya tatu.

Na kwa mtu wa historia kama mimi, kuna sababu ya ziada. Wazee waliniamini. Wengine walinionyesha kipande cha kazi, ile kadi ya kuhesabia siku, imetunzwa kwenye mfuko wa nailoni miaka yote. Sitaki mambo waliyonieleza yaishie kwenye rafu ya maktaba ya Dar kwa Kiingereza. Kwa hiyo kwenye mpango wangu wa miaka mitano baada ya PhD, kazi ya kwanza ni kuwarudishia watoto na wajukuu wao habari hizo kwa lugha yao.

#15 ForodhaniYaTanga

Nimekusoma. Sikujua hata nusu ya hayo, na nimezaliwa hapa.

#16 BarabaraYaKumi

Wakuu, narudi. Nimekwenda kwa afisa utumishi leo, muundo nimeuona, sasa najua nilipo. Lakini kuna jambo limejitokeza. Kuna shirika limenipa mkataba wa miezi sita wa kutathmini vitabu vya hadithi vya shule za msingi, kuanzia Novemba, na mwajiri hana pingamizi. Malipo ni mazuri kuliko mshahara wangu. Sura ya nne na ya tano bado. Nichukue au niache?

#17 MzeeRaskazone

Mwalimu, acha. Nimeshasema.

#18 MkongeNaKalamu

Mzee ana uzoefu kunizidi, kwa hiyo yapime maneno yake vizuri. Mimi nitakuuliza maswali tu. Ruhusa yako inaisha Juni. Miezi sita kuanzia Novemba inakupeleka mwisho wa Aprili, maana yake zinakubakia wiki chache za kuandika sura mbili kabla ya kurudi darasani. Hizo wiki zinatosha? Kama hazitoshi, je, shirika lina ulazima wa Novemba, au ni mwezi waliouandika tu? Kazi ya kutathmini vitabu inaweza kufanyiwa nyumbani kwa nusu siku? Na je, fasihi ya watoto ina uhusiano na tasnifu yako, ili ripoti ile ikupe pia makala?

Usiwajibu kwa ndiyo wala hapana kabla hujawaomba wabadilishe tarehe. Watu wengi hukubali au hukataa masharti ambayo yangeweza kusogezwa.

#19 BarabaraYaKumi

Nimewaandikia sasa hivi. Nimewaomba tuanze Februari, nusu siku, niandikie nyumbani, na nimewaeleza kwamba kabla ya hapo nina sura ya nne ya kumkabidhi msimamizi. Mke wangu ndiye aliyenisaidia kupanga tarehe, kwa ushauri wa #8. Wakijibu nitaleta jibu humu.